Jinsi Tulivyoyapima Mataifa ya Angani kwa Gome la Mtuba

Vijana wangu, ninyi mnaoketi mbele ya kompyuta na kuyapanga mataifa yenye vyombo angani kwa mguso mmoja wa kidole, nawasalimu. Kazi hiyohiyo mimi niliifanya kwa mkasi, sindano na gundi ya muhogo, mjini Kampala, katika miaka ambayo mtu alichagua maneno yake kama anayechambua mchele wenye mawe. Mjukuu wangu ameniomba niwaeleze ilivyokuwa. Nitaeleza, ila msitarajie niende hatua kwa hatua. Tarehe ninazo sawasawa. Mpangilio ndio unaonishinda.

Tarehe ninazo kwa sababu nilizipata kwa shida. Ukoo wetu ni wa wafanyabiashara Waislamu waliotoka pwani zamani na kutia nanga Old Kampala. Kiswahili tulikirithi nyumbani, lakini kalamu walirithishwa wavulana. Nilijifunza kusoma nikiwa mama wa watoto wawili, katika darasa la jioni la watu wazima, na habari ya kwanza niliyoisoma peke yangu tangu mwanzo hadi mwisho ilikuwa gazetini: watu wametua Mwezini, Jumapili, tarehe 20 Julai 1969. Nilimsomea marehemu mume wangu, Ramadhani, aliyekuwa seremala. Aliacha randa akasikiliza. Nilipomaliza akasema, "Sasa wewe na hao, nani amekwenda mbali zaidi?" Maneno hayo nimeishi nayo.

Ofisi niliyoifanyia kazi sitaitaja. Ilikuwa ya serikali, na ilikuwa na chumba cha michoro kilichotengeneza mabango ya maonyesho. Niliajiriwa mwanzoni mwa mwaka 1971, wiki chache kabla ya jeshi kutwaa nchi tarehe 25 Januari, ili nishone bendera na mapazia. Aliyenivuta mezani ni Mzee Kaggwa, mchoraji wa chati, Muganda mrefu mwenye koti moja la kijivu alilolitundika kila asubuhi kwenye msumari uleule nyuma ya mlango.

"Mama Zubeda," aliniambia, "unajua kushona vifungo?"

"Mzee, mimi nimeshona mashati ya nusu ya mtaa."

"Basi njoo unishonee mbingu."

Chati yake ya mataifa ya angani ilikuwa shuka jeusi lililovutwa kwenye fremu. Kila chombo kilichorushwa kilikuwa kifungo kimoja: vyekundu vya Warusi, vya buluu vya Wamarekani, na rangi nyingine kwa waliofuata, yaani Wafaransa, Wajapani, Wachina na Waingereza. Nilidhani kazi ni kuhesabu tu. Mwenye vifungo vingi ndiye mshindi, tufunge chumba twende nyumbani.

Mzee Kaggwa hakunibishia. Jumamosi moja alituchukua, mimi na Ramadhani, hadi Port Bell kutazama feri zikipakia mabehewa ya reli. Tukakaa juu ya magogo tukala karanga.

"Feri ipi ina nguvu?" akauliza.

"Inayobeba mabehewa mengi," akajibu Ramadhani, ambaye kila kitu kwake kilikuwa mzigo na mbao.

"Na ikibeba mengi lakini haifiki ng'ambo?"

"Basi inayofika mbali," nikasema mimi.

"Na ikifika halafu ikashindwa kukaa bandarini, dhoruba ikaifukuza?"

"Inayofika ikakaa," tukasema pamoja, tukijiona werevu.

Mzee Kaggwa akatema ganda la karanga. "Muulizeni yule mama aliyesimama pale na kitoto mgongoni. Mumewe ni baharia. Yeye atawaambieni kwamba feri yenye nguvu ni ile inayorudi."

Ndivyo nilivyojifunza nguzo nne: kuinua, kufika, kukaa, kurudi. Taifa moja linaweza kuwa jitu katika nguzo moja na mtoto katika nyingine. Warusi walitangulia kwa mengi: chombo cha kwanza tarehe 4 Oktoba 1957, mtu wa kwanza tarehe 12 Aprili 1961, na mwezi Desemba 1970 wakateremsha chombo kwenye Zuhura, sayari yenye joto la tanuri, kikaendelea kuzungumza kutoka huko. Wamarekani walitembeza watu Mwezini na kuwarudisha wakiwa na mawe mikononi. Mimi, mwanamke niliyekuwa nikiandika jina langu kwa mashaka, nilishika vifungo hivyo nikastaajabu kwamba binadamu anaweza kufanya mambo hayo yote. Sijaacha kustaajabu, na yeyote kati yenu aliyeacha atafute kazi nyingine.

Nguzo ya kurudi ndiyo iliyotutaabisha kuliko zote. Mwaka 1970, mwezi Aprili, Wamarekani watatu walielekea Mwezini, chombo kikapasuka njiani, wakarudi bila kutua. Nilipofika ofisini chati ilikuwa imekwisha kuwawekea alama kamili ya kurudi, nikamuuliza Mzee mbona anawasifu walioshindwa. "Walishindwa kufika," akasema. "Kurudi walikuweza pakubwa. Usichanganye nguzo." Kisha tarehe 30 Juni 1971 Warusi watatu waliteremka salama kabisa, parachuti likafunguka, chombo kikatua taratibu; kilipofunguliwa walikutwa wamekufa vitini mwao. Nikamwuliza kama hao wamerudi. Akanipa vifungo vitatu vyeusi nivishone juu ya shuka jeusi. Asiyejua havioni. Anayejua havimtoki machoni.

Kulikuwa na mafumbo ya kuchekesha pia. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, chombo cha Wamarekani kilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaani baharini karibu na Malindi, kikapewa jina la Uhuru. Kifungo cha rangi gani? Tulibishana mchana kutwa. Mwishowe nilishona kifungo cha buluu kwa uzi wa kijani wa Waitaliano, nikakipitisha kwenye kipande kidogo cha kanga kwa ajili ya Malindi, na Mzee Kaggwa akasema hiyo ndiyo hesabu sahihi kuliko zote alizopata kuziona.

Baada ya Agosti 1972 Wahindi walipofukuzwa, vifungo vilikwisha madukani. Jirani yangu mwenye duka, aliyenifundisha kukata kola, aliniachia bati zima la vifungo mchanganyiko akasema, "Wewe una matumizi navyo." Nilimlilia mwaka mzima. Vyekundu ndivyo vilivyotangulia kwisha, kwa kuwa Warusi walirusha vyombo bila kupumzika, na ikatubidi tutumie vizibo vya soda. Basi kama mmepata kusikia kwamba wakati ule Kampala walihesabu satelaiti kwa vizibo vya soda, si uzushi. Ni mimi.

Sasa niwaeleze kuhusu koti, maana bila hilo hamtaelewa yaliyofuata.

Mkuu wa chumba chetu hapo mwanzo alikuwa kijana mpole aliyesoma ng'ambo. Mwaka 1973 bango lake moja lilimchukiza mtu fulani. Hatukujua lipi wala nani. Watu wawili wenye miwani ya jua walikuja wakamwomba atoke nje mara moja tu, dakika mbili. Aliacha koti lake kitini. Lilikaa pale wiki, likakaa mwezi, hakuna aliyethubutu kuligusa. Mzee Kaggwa alifanywa mkuu baada yake. Hakukikalia kile kiti kamwe. Alivuta kigoda.

Basi, Julai 1975. Viongozi wa Afrika walikuwa wanakuja Kampala mwishoni mwa mwezi, mji ukapakwa rangi, nasi tukapewa msimamizi, kapteni wa jeshi mwenye sauti ya gwaride na moyo, nasema kwa haki, usio mbaya kama bastola yake.

"Wewe mzee," alisema siku ya kwanza, akiikodolea macho chati, "hii kitu ya vifungo ni ya mama washonaji. Mimi nataka kubwa. Nataka kitu ya hapa. Tumia lubugo."

Lubugo ni kitambaa cha Waganda kinachotokana na gome la mti wa mtuba, linalopondwa hadi lilainike. Ni kizuri, rangi yake ni ya udongo baada ya mvua.

"Sawa, Afande."

"Na hii nguzo nne ya nini? Mimi nataka moja. Nani iko namba moja?"

"Afande, inategemea namba moja katika nini."

"Mzee, usinizungushe. Na Uganda iko wapi?"

Kiti chenye koti kilikuwa kati yetu. Mzee Kaggwa alichukua chaki akachora mstari mmoja mrefu chini ya ubao, kutoka kushoto hadi kulia.

"Hii ni Ikweta, Afande. Inapita kwetu. Hakuna chombo kinachoizunguka dunia bila kuukatiza mstari huu. Mrusi, Mmarekani, Mchina, wote. Nguzo zao zote zitasimama juu yake."

Kapteni alifikiri. Uso ukafunguka polepole. "Kumbe wanapita hapa kwetu?"

"Kila siku, Afande."

"Bila ruhusa?"

"Bila hata kupiga hodi."

Alicheka mpaka akajishika mkanda. Msidhani wazo lile lilikuwa la kijinga: tarehe 3 Desemba 1976 nchi za Ikweta, yetu ikiwamo, zilitangaza kule Bogota kwamba zina haki juu ya njia ya vyombo iliyo angani juu yao. Siku habari ilipotangazwa Kapteni alisimama mlangoni akauliza chumba kizima, "Si nilisema?"

Lakini kabla ya kutoka siku ile ya Julai aligeuka. "Mgeni wa Warusi atakuja kutazama kwanza, kabla ya wakubwa. Wao ndio wanatupa silaha. Mzee, ukiniaibisha mbele yake, mimi sitaweza kukusaidia. Jela ya Luzira iko karibu, na kuna mahali karibu zaidi." Alisema kwa upole, akitazama lile koti. Ule upole ndio ulionitisha.

Tukaanza kazi. Safari hii, katika kila jambo kati ya yale manne, kila taifa lilipata nguzo yake ya lubugo, na urefu wake ndio uliokuwa hesabu. Niwape ujuzi kidogo. Gundi ya muhogo ichemsheni kwa moto mdogo, mkikoroga upande mmoja, na mtie chumvi kidogo na majivu, la sivyo mende watakula nusu ya mataifa kabla ya asubuhi. Lubugo likipakwa gundi hulegea na kurefuka, likikauka hunywea. Kwa hiyo tulibandika kwanza, tukaacha vipande vikauke wiki nzima, ndipo tukakata nguzo kwa urefu wake. Na kulikuwa na desturi ya Mzee Kaggwa ambayo mimi na Ramadhani, aliyetutengenezea fremu, tuliinung'unikia miaka yote: kando ya kila nguzo alishona ukanda mwembamba wa kipimo wenye alama za uzi, na ukanda huo sharti ukatwe kwenye kipande kilekile cha kitambaa kilichotoa nguzo. Kitambaa kingi kilipotea.

"Mzee, kwa nini tusiweke ukanda mmoja kwa wote?" nilimwuliza.

"Kwa sababu kitambaa kina tabia yake. Kipimo kizaliwe pamoja na kinachopimwa, wakue pamoja, wazeeke pamoja."

"Kama mume na mke," akasema Ramadhani.

"Kama mume na mke wasiobishana," akasema Mzee, akinitazama mimi.

Tarehe 17 Julai redio ilitangaza kwamba chombo cha Wamarekani na cha Warusi vimeungana angani na watu wao wameshikana mikono. Kapteni alikuja mbio. "Sasa wao marafiki! Fanya nguzo zote sawa, biashara imekwisha."

"Kushikana mikono si kulingana urefu, Afande," akasema Mzee Kaggwa. "Mimi nawe tunashikana mikono kila asubuhi."

Nilifumba macho. Nilipofumbua, Kapteni alikuwa bado anatafakari kama ametukanwa.

Jaribio lenyewe lilikuja tarehe 26 Julai. Tulikuwa tumemaliza. Lakini siku hiyo Warusi wawili walirudi duniani baada ya kukaa juu siku sitini na tatu, kuliko Mrusi yeyote kabla yao, na nguzo yao ya kukaa ikawa fupi mno. Mgeni alikuwa anakuja kesho yake asubuhi. Ikabidi tuibandike upya, nguzo na ukanda wake, kwa lubugo bichi, saa mbili usiku.

Kapteni aliigusa. "Hii iko maji."

"Itakauka polepole, Afande. Kesho itafaa."

"Kesho mgeni anafika. Lete sigiri."

Tulimsihi. Alileta mwenyewe sigiri ya makaa, akaiweka chini ya nguzo ya Warusi, akasimama kando yake mikono nyuma kama mlinzi wa heshima, hadi alipohakikisha kwamba kitambaa kimekauka kama chapati. Akaondoka ameridhika.

Asubuhi tulipofungua mlango, nguzo ya Warusi ilikuwa imenywea shibiri nzima. Ya Wamarekani, iliyokaushwa kwa subira ya wiki, ilisimama kando yake kama mnara. Mtu yeyote mwenye macho angesema tumewadhihaki Warusi makusudi. Na lubugo jingine halikuwapo.

Ramadhani, aliyekuja kukaza fremu, alitazama, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama baiskeli yake ingeweza kubeba watu watatu.

"Nendeni ninyi," akasema Mzee Kaggwa. Alitundika koti lake kwenye msumari, taratibu, akalisawazisha mabega. "Jina lililo chini ya ubao ni langu."

Hatukwenda. Sijui kama ulikuwa ushujaa. Magari yalikuwa yamekwisha kuingia uani.

Mgeni alikuwa Mrusi mnene, mwenye nywele nyeupe, na alipofungua kinywa tulishtuka: Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha Kapteni. "Hamjambo, ndugu zangu. Nimefurahi kuiona kazi yenu." Alisifu Ikweta. Alisifu kufika Zuhura. Kisha akasimama mbele ya nguzo ya kukaa, na tabasamu likapungua kama lilivyopungua lile lubugo.

"Mbona hapa sisi tumefanywa wafupi hivi?"

Kapteni alimgeukia Mzee Kaggwa. Mkono wake ulikuwa mkandani. Alimjua vizuri mwenye sigiri, lakini sigiri hazifungwi Luzira.

"Bwana mkubwa," akasema Mzee Kaggwa, "kitambaa kimenywea kwa moto. Tafadhali usiusome urefu. Soma alama za ukanda wake. Kila alama ni wiki moja."

Mgeni alivaa miwani, akainama. Akahesabu kwa kidole, kwa sauti, akigusa kila uzi nilioushona. "Moja. Mbili. Tatu..." Nilisikia moyo wangu ukihesabu pamoja naye. "...Tisa. Wiki tisa. Siku sitini na tatu." Akainua kichwa. "Hao wametua jana tu."

"Ndiyo, bwana."

Akahamia nguzo ya Wamarekani. "...Kumi na moja. Kumi na mbili. Siku themanini na nne." Akanyooka. "Kwa hiyo hata bila moto, hapa tuko chini yao."

Mzee Kaggwa angeweza kusema jambo tamu. Jambo tamu lilikuwa karibu sana mdomoni, chumba kizima kilikuwa kinalisubiri, na Kapteni alikuwa analiomba kwa macho.

"Hapa mko chini yao," akasema. "Pale mlitangulia, na pale wametangulia wao. Na hapa," akaonyesha chini ya nguzo ya kurudi, mahali nilipohamishia vifungo vyangu vitatu vyeusi, "hapa tumewakumbuka watu wenu watatu wa tarehe 30 Juni 1971."

Mgeni alivitazama vile vifungo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mzee," akasema, "kama ungeniweka juu kila mahali, nisingeamini hata pale nilipo juu." Akamshika mkono, akautikisa kwa muda mrefu, kisha akamwambia Kapteni kwamba bango libaki kama lilivyo.

Kapteni alipata sauti yake. "Mimi ndiyo nilisema watumie lubugo!"

Magari yalipoondoka alirudi peke yake, akafunga mlango. Ramadhani alishika nyundo bila kujua. Lakini Kapteni alikuwa amevua kofia, na alikuwa akizungumza kama mtu anayeulizia njia.

"Mzee. Sasa wageni hawapo. Mimi na wewe tu. Kweli kabisa, nani iko namba moja?"

Mzee Kaggwa alikuwa amechoka. Alitazama kiti, na koti la yule kijana lililokaa pale tangu mwaka 1973, mabega yake yakiwa na vumbi. Kisha akaenda nyuma ya mlango, akaliondoa koti lake la kijivu msumarini.

"Anayerudi nyumbani, Afande," akasema.

Akalivaa, akafunga vifungo vyote, akatuaga, akaanza kupanda kilima taratibu kuelekea kwake. Mimi na Ramadhani tulisimama mlangoni tukimhesabia hatua hadi alipokata kona.